Hoteli ndogo ya Puebla, Mexico, na asubuhi mama mkwe alipotutoa wote vyumbani kwa sababu ya volkano

Wakuu, salamu kutoka Schaerbeek, Brussels. Mvua inanyesha, niko kwenye kochi, na nimeshindwa kukaa na hii story peke yangu. Nimetoka Mexico juzi juzi tu. Anayetaka kubisha abishe, ila chumvi sijaongeza.

Background kidogo kwanza.

Mimi ni Mbongo wa Mbeya. Mke wangu Furaha ni Mkongo wa Goma. Aliletwa Ubelgiji na mama yake akiwa mdogo kabisa, baada ya volkano ya Nyiragongo kumeza mtaa wao. Baba yake hakuja nao.

Kwa nini hakuja? Hakuna anayejua. Mama mkwe, ambaye wote tunamuita Maman, ukimtajia Goma anainuka anaenda kuosha vyombo, hata kama ni visafi. Furaha akakua anaamini baba yake aliwakimbia. Yeye na mama yake wanapendana sana, lakini hapo Maman hafunguki hata aulizwe vipi, na mimi miaka yote nimeona jinsi panavyomuuma mke wangu.

Sasa Maman amestaafu kazi ya kutunza wazee, na ndoto yake ilikuwa kwenda kuhiji Mexico kwa Bikira Maria wa Guadalupe. Tukasema twende wote watatu. Tukimaliza hija tukapumzike Puebla, mji wa zamani, kama masaa mawili kwa basi kutoka Mexico City.

Wakuu, hiyo hoteli acheni kabisa.

Mimi ni mtu wa hoteli kubwa zenye lift na kadi ya mlango. Hii ni nyumba ya zamani mno, vyumba havifiki kumi, ukuta wa mbele wote ni vigae vya bluu na njano. Unaingia kwenye lango la mbao, unakuta ua wa ndani una chemchemi ya maji, maua yamening'inia kila kona, na ufunguo unaopewa ni chuma kizito, ukiuweka mfukoni suruali inashuka.

Breakfast inaliwa hapo hapo uani. Kahawa inachemshwa kwenye chungu na mdalasini. Kuna mchuzi wao mweusi unaitwa mole, una pilipili na chocolate ndani. Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka, halafu nikaomba mara ya pili, na ya tatu.

Mwenye hoteli ni bibi mmoja, Doña Meche, mfupi, mcheshi. Yeye Kihispania, Maman Kiswahili na Kifaransa, na bado jioni ya kwanza niliwakuta wamekaa pamoja wanachambua maharage. Furaha alikuwa akiwatafsiria, maana kazini kwake Etterbeek Kihispania ndiyo lugha ya ofisi, lakini nahisi hawakumhitaji sana.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ya kusimulia.

Kumekucha tu, nasikia mlango unagongwa kwa ngumi. Nafungua, Maman yuko amevaa koti, rozari shingoni, taulo mbichi mkononi.

"Mukwe wangu, bilatu. Muvae bilatu kwanza, bingine tutaona."

Bilatu ni viatu. Nikauliza kuna nini. Akaninyooshea kidole chake, kina vumbi la kijivu.

"Hii haiko vumbi. Hii miye naijua."

Kumbe ameamka mapema kusali uani, akakuta meza zimefunikwa na hilo vumbi. Akalisugua kwenye vidole, akalinusa. Mtu mwingine angeita mfanyakazi aje afute. Mtu wa Goma anajua majivu ya volkano yakoje, na anajua ardhi ikipata moto asiye na viatu hafiki mbali.

Nikija kushtuka, Maman ameshagonga milango yote. "Tutoke! Volcan! Sortez!" Wajerumani wawili wametoka na taulo kiunoni, wote kawapa kitambaa kibichi cha kuziba pua. Mabegi yetu tayari yako langoni. Kwa kweli, kwa speed ile, ingekuwa kweli tungepona wote.

Doña Meche akatokea na ufagio, hana haraka. Alipoelewa, hakucheka. Alimshika Maman mkono, akampandisha ngazi mpaka juu ya paa. Sisi nyuma yao.

Na kule juu, wakuu, mwili ulinisisimka. Mlima mkubwa, kileleni theluji, unatoa moshi taratibu kwenye anga safi. Furaha akawa anatafsiri: huu mlima hutema majivu mara kwa mara, wataalamu wanaufuatilia, leo hakuna hatari. Watu wa hapa wameupa jina kabisa, wanauita Don Goyo, yaani Bwana Goyo, na siku yake ikifika wengine wanaupelekea zawadi.

"Bon," Maman akasema, "donc munaishi naye sawa tonton." Yaani kama mjomba wa nyumbani.

Akacheka. Halafu kicheko kikageuka kilio, akakaa chini pale pale, macho kwenye ule moshi.

"Furaha, papa yako hakutukimbia."

Furaha akachuchumaa mbele yake.

"Tulikuwa tumeshafika mbali. Njo miye nilimutuma arudie ku nyumba, atwae mama yangu. Alienda. Hawakutoka, yeye na mama."

Furaha akauliza kwa sauti ndogo, "Maman, juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa utanichukia. Alors nikanyamaza."

Doña Meche hakuelewa neno hata moja, lakini aliweka ufagio chini akakaa pembeni yake. Mke wangu alimkumbatia mama yake, wakalia wote. Na mimi pia, sitaki kuwadanganya. Nilifikiri sasa yatafuata maswali magumu ya miaka yote ile. Furaha akapangusa uso, akauliza:

"Alikuwa murefu?"

Maman akanitazama juu mpaka chini. "Kupita huyu kidogo."

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali.

Nilichojifunza: nyumbani Brussels tulimsukuma kwa maswali miaka na miaka, na akazidi kujifunga. Wazee wetu wana mambo wamenyamazia kwa kuogopa kutupoteza, sisi tunadhani ni roho ngumu. Wapelekeni mahali wapumue, halafu muwe karibu.

Wenye wazazi waliopitia makubwa, ninyi mlifanyaje mpaka wakafunguka? Na waliowahi kufika Puebla nao waje hapa.

Hivi naandika, Furaha yuko chumba cha pili, anaongea na mama yake kwenye simu. Leo anauliza baba alikuwa anapenda kula nini.