Nyanjige, Kidani na Mama Asiyekuja Ndotoni

Ni mchana Nkoma, saa ile ambayo hata kuku wameacha kuparua na kujilaza chini ya mkokoteni wa ng'ombe. Nyanjige Bundala anasinzia huku anafanya kazi. Mkono wake unatambaa juu ya meza, unachomoa waya kwenye simu moja, unachomeka kwenye nyingine, kisha unarudi mapajani. Macho ameyafumba nusu.

"Hiyo yenye uzi mwekundu imejaa," anasema bila kuitazama. "Ya mzee wa mashine ya kusaga. Mwambieni aje."

Hiki ndicho kibanda chake cha kuchaji simu, wilayani Itilima, mkoa wa Simiyu. Paneli mbili za sola ziko juu ya bati, betri kuukuu iko chini ya meza, na simu za nusu ya kijiji zimelala kwa safu, kila moja na alama yake: uzi, kipande cha kitenge, raba ya kufungia noti. Kuchaji simu moja ni shilingi mia tano. Siku ya mnada hupokea hata arobaini. Siku nyingine hupata kumi na kumshukuru Mungu.

Shingoni amevaa kidani cheusi cha duara, kizito kidogo, chenye kamba ya ngozi. Asiyemjua angedhani ni pambo, au hirizi.

"Hiki ni cha kuzuia mionzi ya simu," anasema, na tabasamu linamtoka upande mmoja wa mdomo. "Ndivyo nilivyoambiwa."

Aliyemwambia ni Marcelo, kijana mwenye ulimi mwepesi anayekuja mnadani kutoka Bariadi na begi la bidhaa. Siku hiyo Marcelo aliitazama meza ya simu, akatikisa kichwa kwa huruma na kumwambia mama huyu wa miaka hamsini na saba kwamba amekaa ndani ya moto bila kujua. Wenzake waliokuwa wakinunua walilalamikia kichwa na mgongo. Nyanjige haumwi kichwa wala mgongo. Aliuliza jambo moja tu.

"Kinasaidia ndoto?"

Marcelo, mfanyabiashara wa kweli, hakusita. "Ndoto ndiyo kazi yake ya kwanza, mama."

Bei aliyolipa Nyanjige haitaji kwa sauti, na mwandishi hakumlazimisha.

Habari yenyewe ni hii. Binti yake, Gloria, anayeishi Somanda mjini Bariadi, amejifungua mtoto wa kike. Jina la ubatizo lipo tayari, ni Lucy, na padre amepanga ubatizo Jumapili hii. Lakini katika ukoo wao mtoto ana jina jingine, la nyumbani, na hilo halichaguliwi na walio hai. Bibi wa mtoto hulala, na mmoja wa marehemu humjia ndotoni. Aliyekuja ndiye mwenye jina. Jumapili, baada ya kanisa, ukoo wote utakaa kula, na jina hilo litatangazwa. Hadi sasa mtoto anaitwa Mgeni.

Anayengojwa ni mama yake Nyanjige, marehemu Nyamizi.

"Mwanzoni, alipofariki, alikuwa ananijia mara kwa mara," anasema Nyanjige. "Anakaa, ananisema kuhusu mboga zangu, kwamba naweka chumvi kama namlisha ng'ombe. Naamka nacheka peke yangu."

Tangu alipofungua kibanda, ziara hizo zilipungua. Tangu mjukuu azaliwe, hajamwona hata mara moja.

"Jina ni jina tu, litapatikana," anasema. "Mimi naogopa mama amenichoka. Au amenisahau." Anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, wala hajifichi.

Ndipo akazishuku simu. Aliwaza maneno yote ya watu yanayopita hewani juu ya kichwa chake, ya wanaouza pamba, wanaodaiana, wanaopendana. Bikizee ambaye hakuwahi kushika simu angepenyaje katika msongamano huo? Akavaa kidani, akalala, akangoja. Wiki zikapita. Hakuja mtu.

Halafu akaja Paschal, dereva wa bodaboda, kuchukua simu yake.

"Mwadila, mayu," alimwamkia Kisukuma, kwa heshima ya mama.

"Mwadila."

"Bado hajafika?"

"Bado."

"Sasa mayu, kama hicho kitu kinafunga njia ya mionzi, si kitakuwa kimefunga na njia ya bibi?"

Paschal alitania, akawasha pikipiki yake, akaenda zake. Kwa Nyanjige haukuwa utani. Usiku ule alikivua kidani, akaziogopa simu, akakivaa, akamfikiria mama, akakivua tena.

"Nililala nimekishika mkononi," anasema. "Sijavaa, sijavua."

Asubuhi alikipeleka zahanati kwa muuguzi Felisita, anayemwamini kuliko redio. Felisita alikigeuzageuza, akasema hajawahi kuona ushahidi kwamba vitu vya namna hiyo vinazuia chochote, lakini kupima ni rahisi. Akakiweka juu ya simu ya Nyanjige, akavifunga vyote viwili ndani ya kanga, akampigia. Simu ikaita. Ikaita mpaka akina mama waliokuwa kwenye benchi na watoto wao wakaangua kicheko.

"Nilifurahi na kukasirika kwa pamoja," anasema. "Kufurahi, kwa sababu sikumfungia mama mlango. Kukasirika, Marcelo anajua mwenyewe."

Felisita hakucheka sana. Alimtazama macho yake mekundu, akamuuliza analalaje.

Nyanjige akaeleza. Mwaka jana kibanda kilivunjwa na wezi, kwa hiyo kila jioni hubeba simu zote ndani ya beseni na kulala nazo chumbani. Moja imewekwa kengele ya alfajiri, saa ya kukamua ng'ombe. Mwenye nyingine ana ndugu machimboni, anayepiga akitoka shimoni, saa yoyote. Kwa adabu aliyolelewa nayo, Nyanjige huamka na kupokea. "Mwenyewe hayupo, mwanangu. Piga kesho."

"Kwa hiyo usingizi wenyewe huna," Felisita alimwambia. "Mayu, huyo mama atakukuta wapi?"

Leo, kwa mara ya kwanza, Nyanjige anajaribu dawa ya muuguzi: kulala mbali na simu. Jirani yake Sylvester, mlinzi wa sungusungu, amekubali kulaza lile beseni kwake kuanzia jioni hii. Simu zote zilizo mezani zimezimwa, hata yake. Kidani bado anakivaa, kwa sababu amekizoea na anasema kinampendeza. Anatandika mkeka nyuma ya kibanda, penye kivuli, na kabla hajamaliza kujinyoosha vizuri ameshalala.

Paschal ameegesha pikipiki mlangoni. Wateja wanapofika anaweka kidole mdomoni. "Mayu amelala," anawanong'oneza, nao wanakaa chini na kuongea kwa sauti ndogo, kana kwamba wako msibani au kanisani. Hakuna anayedai simu yake. Upepo unapita kwenye majani makavu ya mpamba na kunyamaza.

Kivuli kimehamia upande wa barabarani anapoamka. Anakaa. Kisha anawasha simu yake na kumpigia Gloria.

"Amekuja," anasema.

Mama alikaa ukingoni mwa mkeka, anaeleza, amevaa kitenge chake cha shambani. Nyanjige alimweleza yote: mtoto, Jumapili, beseni la simu, hata kidani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, na hakuonekana kuwa na haraka.

Upande wa pili Gloria analia na kucheka. "Basi mtoto ni Nyamizi."

"Ni Nyamizi. Jumamosi nafunga kibanda, nakuja huko kumwita mwenyewe."

"Na wewe, mama, bibi alikwambia nini?"

Nyanjige anauvuta mkeka kuufuata ule mchirizi wa kivuli uliobaki.

"Kanifunika kanga, akasema, 'Lala, mwanangu. Umechoka.'"

Anazima simu na kujilaza tena.