Kompyuta ya Juu ya Duka la Vitambaa

Msimamizi wa tasnifu yangu alinirudishia sura ya mwisho ikiwa na maneno matatu tu pembeni, kwa penseli: "Unaandika kama shabiki." Niliyasoma nikiwa nimesimama kituoni, nikayasoma tena nyumbani kwetu Magomeni, na kwa muda mrefu sikuweza kuandika hata sentensi moja bila kujiuliza kama ilitoka katika ushahidi au katika moyo. Katika mji ambao mpira huweza kuwanunisha ndugu wakiwa sahani moja, kuitwa shabiki si tusi. Kwa mtafiti ni tusi, na baya zaidi ni kwamba sikuwa na hakika kama nilikuwa nimetukanwa au nimeelezwa.

Niliyemshabikia alikuwa mtengenezaji wa kompyuta. Hakuwa Amerika wala Japani. Alikuwa Kariakoo, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la baba yake.

Ilikuwa miaka ile ambayo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa na televisheni ndiyo kwanza zinaingia majumbani. Vitu vilivyokosekana utotoni mwetu, kuanzia sabuni hadi viatu, sasa vilimwagwa kando ya barabara kama taka. Tasnifu yangu ilihusu viwanda vidogo vilivyozaliwa katika mabadiliko hayo. Nilipita karakana nyingi, na nyingi zilikuwa maduka tu yaliyojipa jina la kiwanda. Kisha nikapanda ngazi za duka lile, nikipishana na wapagazi waliobeba majora ya khanga vichwani, nikamkuta mtu aliyekuwa akitengeneza kitu kweli.

Familia yake ilikuwa ya Kihindu, wauza vitambaa tangu enzi za babu. Yeye alikuwa amesomea umeme, dada zake wakahamia Uingereza, yeye akabaki. Vipande vya ndani vya kompyuta zake vilitoka nje. Hilo sikulificha katika tasnifu. Kasha, hata hivyo, lilikuwa lake. Lilikunjwa na mafundi bati wa mtaa wa Gerezani kwa vipimo alivyochora mwenyewe, likapakwa rangi ya kaki, ileile ya makabati ya ofisi za serikali. Mbele ya feni aliweka chujio la chandarua ndani ya fremu ndogo, ambayo mtu angeweza kuichomoa na kuifua kwa sabuni. Kila upenyo ambao mende angeweza kuutamani ulizibwa. Ndani aliongeza kifaa cha kuhimili umeme wetu, ambao siku hizo ulikuwa wa mgao na ulirudi kwa hasira kila ulipokatika.

Lakini kilichoniteka ni matundu ya hewa. Kompyuta nyingine zote nilizowahi kuziona zilipumua kwa juu au kwa nyuma. Zake zilipumua kwa chini, ubavuni. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa nyumba zetu.

"Mama yako ana redio?" aliuliza.

"Anayo."

"Ameivisha nini?"

Kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua pembeni. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

"Basi na kompyuta ataivisha," alisema, "na hataivua eti kwa sababu inawaka. Siwezi kumwambia mama yako asipambe nyumba yake. Tundu naweza kulihamisha."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo, nikaigeuza na kuigeuza, na nadhani ushabiki wangu ulianzia hapo. Niliandika kurasa nyingi kuhusu mustakabali wake: kwamba angeuza mikoani, kisha Zambia na Malawi, kwa sababu vumbi na mgao vimejaa kila mahali. Bado naamini hoja ilikuwa sahihi. Sijui kama kuamini kwangu ni ushahidi.

Wateja walikuwa upande wangu. Mama mmoja mwenye steshenari kule kwetu Magomeni alikuwa akija mara kwa mara kununua utepe wa printa na kupiga soga.

"Yangu imekula vumbi mwaka mzima haijakohoa," alisema siku moja. "Ya jirani yangu, ile yenye jina kubwa la Kizungu, imekufa kama kuku wa mdondo."

"Mama, usiiseme vibaya maiti," mtengenezaji alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuchomelea.

"Naisema! Na wewe profesa, umeandika hilo?"

"Nimeandika, mama."

"Andika na rangi yake mbaya. Kompyuta gani ina rangi ya mgambo?"

Kicheko cha mama huyo kilisikika hadi chini dukani, ambako mzee, baba wa mtengenezaji, hakucheka.

Mzee alikuwa na mashaka yake, na kadiri nilivyoyasikiliza ndivyo yalivyozidi kuniogopesha, kwa kuwa hayakuwa ya kijinga. Kompyuta za mitumba zilikuwa zimeanza kufika kwa kontena kutoka ng'ambo, zenye majina makubwa, kwa bei ambayo kasha la Gerezani lisingeweza kushindana nayo. Mzee alikuwa ameagiza kontena moja la mitumba hiyo, na alitaka chumba cha juu kiwe ghala lake. Nilipomwamkia asubuhi moja, "Shikamoo mzee," aliitikia marahaba, akanivuta kwenye benchi lake kati ya majora.

"Jengo hili lilikuwa langu," alisema. "Likachukuliwa na serikali. Leo napanga ndani ya ukuta niliojenga mimi. Unajua nini hakikuchukuliwa? Hiki." Akapiga jora kwa kiganja. "Kitambaa unakikunja, unaondoka nacho. Kiwanda utakikunja vipi?"

Katika tasnifu hapakuwa na sehemu ya kuliweka swali hilo.

Diwali ilikuwa inakaribia. Siku hiyo wafanyabiashara wa Kihindu hufungua vitabu vipya vya hesabu: vitabu huwekwa mbele ya picha ya mungu wa kike wa neema, taa ya samli huwashwa, na mwenye nyumba huchovya kidole katika rangi nyekundu na kuchora alama ya heri. Mtengenezaji alimwomba baba yake, mbele yetu, kwamba mwaka huo hesabu za duka zifunguliwe ndani ya kompyuta aliyoiunda mwenyewe.

"Ilete," alisema mzee. "Nikiipaka, ni ya nyumba. Nitailisha hata isiponilisha. Nisipoipaka, chumba kiwe tupu kabla kontena halijafika."

Nilialikwa, pamoja na mama wa steshenari na majirani wachache. Tulivua viatu. Kompyuta ilikuwa imewekwa juu ya kitambaa cheupe: kasha la kaki chini, kioo, yaani skrini, juu yake. Nalazimika kueleza jambo hili kwa usahihi kwa kuwa kila kitu kililiegemea. Kioo hakikuwa kazi ya mtengenezaji wetu. Vioo hakuna aliyevitengeneza nchini; hicho kilitoka nje, na jina la kigeni lilisomeka chini yake. Kazi yake ilikuwa lile kasha.

Mzee alisoma dua, akachovya kidole cha pete, akainama. Mkono ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo kilichokuwa kikiwaka, ukachora alama nyekundu katikati. Kasha hakuligusa.

"Kaipaka!" mama wa steshenari alinong'ona kwa nguvu, kisha akapiga kigelegele kidogo ambacho hakikuwa sehemu ya ibada yao, na watu wakacheka kwa furaha. Zikaletwa ladu, vitamutamu vya mviringo.

Mimi nilikuwa nimeganda. Je, mzee alidhani kioo ndicho kompyuta, kama watu wengi wanavyodhani? Au alikuwa amechagua? Nilifungua mdomo niseme, kwa heshima, kama mtu anayemkumbusha mkubwa wake kitu kilichosahaulika. Mtengenezaji, aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake, alinitazama na kutikisa kichwa, mara moja tu. Nikameza maneno pamoja na ladu.

Siku iliyofuata nilimuuliza kwa nini.

"Mzee anajua," alisema. "Tangu nianze, kila jioni ananiuliza jina la kila kipande. Anajua kasha kuliko wewe."

"Basi amekunyima baraka."

"Hajaninyima. Hajanipa." Alitabasamu, lakini vibaya. "Ungesema, angelazimika kuchagua mbele za watu. Mzee akilazimishwa mbele za watu, huchagua kitambaa. Acha. Maadamu hakuna anayesema, imepakwa."

Kwa hiyo tukaishi ndani ya hali hiyo ya kutosema. Kontena lilifika likapelekwa ghala la kukodi Buguruni, na mzee alilalamikia kodi lakini hakugusa chumba cha juu. Makasha mapya yaliendelea kukunjwa. Mfanyakazi aliyepangusa vumbi alikizunguka kile kidoa chekundu kwa uangalifu. Nilirudi kwenye sura yangu ya mwisho nikiwa na hofu mpya: nilikuwa nikijenga mustakabali wa mtengenezaji juu ya upana wa kiganja, ule uliopo kati ya kioo na kasha.

Kisha mchana mmoja, tukiwa wote chini dukani, ambako kompyuta ile sasa ilitunza hesabu, umeme wa mgao ulirudi. Taa ziliwaka kwa weupe usio wa kawaida, kitu kikalia pu, na harufu ya kuungua ikasambaa. Kioo chenye alama kilikuwa kimezimika. Moshi mwembamba ulitoka mgongoni mwake. Mtengenezaji aliruka, akachomoa waya wa kioo, kisha akasimama kimya akisikiliza. Chini ya kioo kilichokufa, feni ya kasha lake ilikuwa bado inazunguka. Kasha lilikuwa limehimili umeme uleule.

Alimgeukia baba yake, na usoni mwake niliona kitu kama ushindi. "Mzee, sikia. Linapumua."

Mzee alisogea, akaweka mkono ubavuni mwa kasha, kwenye yale matundu. Aliuacha pale muda mrefu. Nilidhani angeomba rangi. Nilikuwa tayari kukimbia kuileta.

"Kazi nzuri," alisema kwa sauti ya chini, na nina hakika alimaanisha. Kisha akautoa mkono. "Lakini nilichokipaka kimekufa."

Wiki hiyohiyo mikokoteni ilianza kuleta kompyuta za mitumba kutoka Buguruni, na wapagazi wakazipandisha kwa ngazi zilezile, wakipiga kelele watu wapishe. Mtengenezaji aliliteremsha lile kasha mwenyewe, kifuani, akaniwekea mikononi. "Malizia tasnifu yako kwa hili," alisema. Yeye sasa huuza mitumba, naye huiuza vizuri.

Ninaandika kwa kutumia kasha hilo, likiwa na kioo cha mtumba juu yake. Mama amelivisha kitambaa cheupe chenye maua, na lazima nikiri kwamba halijawahi kupata joto. Sura ya mwisho bado haijaisha. Nikiandika kwamba mtengenezaji alishindwa kwa sababu ya soko, ninasema kweli lakini si yote. Nikiandika kuhusu kidole cha mzee, msimamizi ataniuliza chanzo.

Juzi mtengenezaji alikuja kututembelea, akaomba bisibisi, akalifungua kasha sebuleni na kufua chujio kwenye beseni la mama. Mama alimletea chai na maandazi. Hakuvigusa. Alikuwa ameingiza vidole viwili kati ya feni na ukuta wa bati, akipima.

"Hapa nilikosea," alisema. "Feni ilipaswa kushuka kidogo. Una karatasi?"

Nilimpa ukurasa wa tasnifu, upande usioandikwa. Akaanza kuchora. Nilitaka kumuuliza anamchorea nani, wakati chumba chake kimejaa mitumba hadi dirishani. Nikamshikia taa.