Prosesa ya Mpwa Wangu

Fundi aliniuliza kama tumngoje mwenyewe, nami nikamwambia aendelee. Laiti ningekataa.

Mwenyewe alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Dada aliuza mdalasini na ndizi za kwetu milimani Matombo misimu kadhaa, akamnunulia kompyuta iliyokwisha tumika na kumpangia chumba cha kuchapia kazi za watu huko mjini, Kihonda. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazini kiwanda kilipobinafsishwa, nikawa nashinda pale. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye msemaji wake. Nikajiona hata kompyuta ile iko chini yangu.

Ilikuwa nzito mno. Wateja walikaa kwenye benchi wakisubiri ukurasa mmoja utoke, wengine wakaondoka wakisonya. Mpwa wangu alipopanda Matombo kumuuguza mama yake, nikamwita fundi. Akafungua kasha, akanionyesha prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za mashine.

"Hii ni ya bei chee, mzee, lakini mwendo wake wameubana tu. Nikihamisha kipini hiki kwenye bodi, itakimbia. Ila bodi yenyewe ni dhaifu. Ukiiharakisha prosesa, na diski nayo inaburuzwa, hata kama haiwezi. Tumngoje mwenye mali?"

"Mwenye mali ni mimi. Kiwandani tulikuwa tukibadili puli, mashine ya kufuma inakimbia mpaka inaimba. Utaniambia nini?"

"Haya, mzee. Isije ikaimba hii tukalia sisi."

Ikakimbia kweli. Siku mpwa wangu aliporudi, alichapa mistari michache, akasimamisha vidole.

"Mjomba, mmeifanya nini hii?"

"Nimeitia adabu."

Akagusa kasha, akaondoa mkono haraka. "Inaunguza. Naomba tuirudishe ilivyokuwa, mjomba. Nina kazi ya mtu humu."

"Mimi nimezeekea kwenye mashine, leo unanifundisha?"

Alijua mjomba habishiwi. Aliliacha kasha wazi, akalielekezea feni ya mezani. Lakini chumba kile kilikuwa cha bati bila dari, na mchana feni ilisukuma joto lilelile.

Kazi yenyewe ilikuwa tasnifu ya mwalimu mmoja aliyekuwa akijiendeleza chuoni kwenye mambo ya kilimo; alipima jinsi mvua inavyokokota udongo wa mashamba ya Mlali. Kwanza tuliona majedwali yake yakigeuka alama zisizosomeka. Kisha diski ikakataa kabisa kufunguka. Nakala ambazo mpwa wangu alikuwa ameweka pembeni nazo zilikuwa zimeoza, kwa kuwa zilinakiliwa kwa mashine hiyohiyo. Na siku ya kuwasilisha ilikuwa imefika.

Mwalimu alikuja na mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Nani kaichezea hii mashine?"

Mpwa wangu akanitazama. Alinipa muda wa kutosha wa kusema. Mimi nikainama, nikajifanya napangusa vumbi kwenye printa.

"Ni mimi, mwalimu," akasema. "Nisamehe."

Mwalimu hakutukana. Alitikisa kichwa, akaenda zake, na habari ikawafikia wanafunzi wenzake ambao ndio walikuwa wateja wetu. Masika hayajaanza, chumba kikafungwa. Mpwa wangu alifunga mizigo yake, akarudi Matombo kulima. Sikumsindikiza hata stendi.

Ukweli nilimwambia dada baadaye sana, kwa kuchelewa, wakati haukuweza tena kumsaidia mtu. Posa ya binti ilipokuja, mimi ndiye niliyepaswa kukaa mbele na kupokea wageni. Dada akateremka mjini mwenyewe.

"Kaka, mtoto anasema atasimamiwa na mdogo wako."

"Amesema kwa nini?"

"Usiniulize mimi. Unajua."

Nilijua. Siku ya harusi nilikaa nyumbani. Sasa nasikia ana watoto wakubwa. Sijawahi kuwaona, wala yeye hajaniita mjomba tangu chumba kile kifungwe. Kompyuta ilikuwa chakavu, ingekufa tu. Kwa neno langu kwa fundi, na kwa kunyamaza mbele ya mwalimu, nilimpoteza mpwa wangu.