Nyuki Waliohamia Kwenye Kinanda cha Kanisa

Kanisa letu la mawe liko juu ya kilima, ukitoka Kabati unaelekea Kitui, na kila mgeni anayefika pale huonyeshwa kinanda kabla hajaonyeshwa choo. Ni kinanda cha mabomba, kirefu kuliko mlango, na kililetwa enzi za ukoloni. Kijitabu cha historia kilichoandikwa na kamati ya jubilei ya miaka mia kinasema kililetwa na mmishonari. Kinasema hivyo tu, kana kwamba mzungu yule alikitia mfukoni akaja nacho. Kilibebwa vichwani na mabegani kutoka kituo cha reli, kipande kwa kipande, na watu ambao kamati haikuona haja ya kuwataja hata kwa jumla, ingawa nusu ya wanakamati ni wajukuu wao. Wasiseme nafasi ilikosekana. Kuna ukurasa mzima wenye picha ya mwenyekiti amevaa tai.

Aliyekicheza kinanda hicho ni mama yangu, tangu akiwa msichana. Alifundishwa na mke wa mmishonari wa mwisho, mwanamke aliyempiga vidole kwa rula kila alipokosea, na akaendelea kukicheza miaka mingi baada ya rula ile kurudi kwao Ulaya. Kisha kanisa likanunua kibodi ya umeme na spika zenye uwezo wa kukutoa usaha masikioni, mama akaambiwa apumzike. Hakuna aliyemwuliza kama amechoka. Kinanda kikafungwa, na mwaka haukuisha nyuki wakahamia ndani yake.

Kwetu Ukambani, mzinga ni wa aliyeutundika. Ukirina asali ya mzinga wa mtu mwingine wewe ni mwizi, tena mwizi wa aina mbaya kuliko wote, na inaaminika asali hiyo itakufuata mpaka kwa watoto wako. Sasa mzinga huu ulitundikwa na nani? Mmishonari ameshakufa, na waliobeba mabomba wameshakufa. Kila Jumapili tulihubiriwa kwamba imani za namna hiyo ni za kishenzi na zimepitwa na wakati, halafu mhubiri huyo huyo akipita karibu na kinanda anaweka mikono mfukoni. Walimu wenye digrii walipita hivyo hivyo. Kanisa likamwita mrina asali kutoka Tawa. Akauliza mzinga ni wa nani, akaambiwa ni wa kanisa. Akauliza ni nani hasa kanisani aliyeutundika. Alipokosa jibu alimaliza chai yake, akapanda boda boda akarudi kwao.

Basi nyuki wakakaa, na asali ikawa inadondoka sakafuni wakati wa maombi, na watu wazima wenye akili zao wakaizoea.

Kilichowaamsha ni habari kwamba wajukuu wa mmishonari wangekuja kwenye jubilei na wangependa kusikia kinanda cha babu yao. Sisi tulikuwa tumekikosa miaka yote hiyo bila mtu kushtuka, lakini wageni wakikikosa siku moja ingekuwa aibu. Ndipo kamati ilipokumbuka kwamba mama yangu yuko hai. Walikuja nyumbani wote, wakanywa chai, maana kamati ile haikuwahi kufanya jambo bila chai. Mwenyekiti akamwita Mwaitu, mama yetu, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama alikubali hapo hapo. Nilichukia jinsi alivyokubali haraka, na bado nilifurahi kwa ajili yake. Macho yake yalikuwa yanafunikwa na mtoto wa jicho, na alijua kwamba hiyo ingekuwa mara yake ya mwisho. Hakutaka kitu kingine chochote kutoka kwa kanisa lile, ila wimbo mmoja kwenye kinanda chake. Kuanzia siku ile alifanya mazoezi kwenye ukingo wa meza ya jikoni, na sufuria zikatikisika kila asubuhi.

Huku kamati ikakaa kutafuta njia ya kuwaondoa nyuki bila mtu kuitwa mwizi. Vichwa vyote vile vilivyosoma vikaja na hoja ambayo hata leo nikiikumbuka nasonya: kurina ndio wizi, lakini kufukuza si kurina. Nyuki wakitoka wenyewe kwa sababu ya moshi, hakuna aliyechukua asali ya mtu. Walitangaza uamuzi huo madhabahuni kwa fahari, utadhani wamechimba kisima. Wakawasha mavi ya ng'ombe na majani mabichi ndani ya tumbo la kinanda, wakafunga milango, wakaenda kunywa chai.

Jumapili iliyofuata tulikuta kinanda kimefunikwa pazia kubwa. Nilipouliza harufu ya kuungua mle ndani ni ya nini, mwenyekiti aliniambia ni moshi wa kawaida, na kwamba fundi kutoka Nairobi ameshakitengeneza kikawa kipya. Pazia lingefunguliwa siku yenyewe. Kwa mama alisema, "Mwaitu, wewe kuja tu ukae ucheze vile ulikuwa unacheza. Mambo ya mashine tumemaliza."

Siku ya jubilei walifungua pazia kwa mbele tu. Mabomba yalikuwa yamepakwa rangi ya dhahabu. Nilimshika mama mkono nikamkalisha, nikarudi kwenye benchi la pembeni. Wimbo ukaanza, sauti nzito ya kinanda ikajaa kanisa, na nikalia bila haya.

Ubeti wa pili niliona mabega yake yamesimama. Akalaza viganja vyote viwili juu ya vibonyezo, kama mtu anayekandamiza unga wa chapati. Kinanda kilipaswa kupiga kelele ya kutisha. Kikaendelea vizuri tu, bila kukosea hata noti moja. Mama akaondoa mikono, akaikunja mapajani, na kinanda kikacheza ubeti wa tatu na wa nne bila yeye.

Nilizunguka nyuma ya pazia. Nta ilikuwa imeshika moto siku ile ya moshi. Mfuko wa ngozi unaotia hewa kwenye mabomba ulikuwa mkaa, na asali nyeusi ilikuwa imegandia kwenye mbao. Katikati ya uchafu huo aliketi mpiga kibodi wa kwaya na spika zake. Aliniona, akaangalia vidole vyake.

Wimbo ulipoisha mwenyekiti alimpa mama kipaza sauti awasalimu wageni, na akasimama kando yake kutafsiri kwa Kiingereza, lugha ambayo mama haijui.

"Asante kwa kuniita," mama alisema. "Lakini mimi sijacheza kitu. Hii kinanda imekufa, na nyinyi mnajua. Mmenikalisha hapa niwadanganyie wageni."

Kila mwenyeji mle ndani aliyaelewa maneno hayo, na kila mmoja aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti hakubabaika hata kidogo. Akatabasamu, akawaambia wageni kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mama huyu anamshukuru Mungu, na anawashukuru wao kwa kutomsahau. Wageni wakasimama wakapiga makofi, mmoja akifuta machozi. Kisha wetu nao, wale walioelewa kila neno, wakasimama wakapiga makofi pamoja nao.

Tukiteremka kilima mama alikuwa ameshika mkono wangu, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea.

"Afadhali hao wageni wameelewa," akasema. "Umeona vile wamesimama?"

Nikamwambia nimeona.