Nilivyomkimbia Mama Mkwe Kwenye Mchanga

Jamani, masikio yangu bado yana mchanga. Jumamosi tulitoka Bariadi familia nzima kwenda hifadhini kupanda vilima vya mchanga, mama mkwe akiwemo. Sisi Wasukuma mama mkwe unampisha njia. Kucheza mbele yake ni aibu tupu.

Tulipofika kileleni wanangu wakapiga kelele, “Baba, teleza!” Mwili ukanisisimka. Mama mkwe nilimwacha upande wa gari, kwa hiyo nikachagua upande wa pili. Nikakalia gunia, nikashuka nikipiga mbinja kama mchunga ng'ombe, suruali ikachanika nyuma, nikatua miguuni pa mtu.

Alikuwa yeye, peku, gunia mkononi. Akajifunika kanga usoni.

“Mkwe, nami nimekuja huku ili usinione nikiteleza.”