Nilimtoa Mama Mghoi kwenye Orodha ya Ndovu

Admin, ficha jina langu. Nina miaka sabini na mbili, mke wangu alifariki, naishi kijiji kimoja nje ya Voi, na mimi ndiye niliyeunda ile programu inayotutumia ujumbe ndovu wakikaribia mashamba. Haya, nimedanganya. Shule niliiachia darasa la tano. Aliyeiunda ni mpwa wangu. Mimi nilizunguka tu kukusanya namba za simu na kuonja chai ya kila boma.

Jirani yangu Mama Mghoi ni mjane, na mpaka leo anatumia laini ya marehemu mumewe. Mwaka jana nilimwambia tuishi pamoja. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, kwanza katafute meno." Iliniuma sana. Nikapata wazo la kishetani: asipopata ujumbe, mimi ndiye nitakayekuwa nikimpigia hodi, na siku moja ataona faida yangu.

Nikamwambia mpwa wangu aitoe namba ya marehemu.

"Mjomba, una hakika hakuna anayeitumia?"

"Simu tulimzika nayo. Ama unataka afufuke akimbie ndovu?"

Akanionyesha. Ile orodha, watengeneza programu huiita map: namba ndiyo ufunguo, boma liko ndani yake. Ukitoa namba, na boma linaenda. Akabonyeza. Nilingoja angalau mlio. Kimya.

"Haiulizi kwa nini?"

"Haiulizi, Mjomba. Ukishaitoa, ni kama haikuwahi kuwemo."

Nikamuaga, nikaenda zangu nyumbani.

Mara mbili ndovu wamekuja, mara mbili nimekimbia kwake, nikapewa chai na viazi vitamu. Nikajiona mjanja kweli.

Leo mchana simu yangu imelia: ndovu tisa, wawili wana ndama, wamepita chini ya reli, wanakuja upande wetu. Na mimi niko kitandani tangu juzi, goti limevimba kama papai. Mama Mghoi yuko shambani anachuma pojo, ametulia, kwa sababu simu yake haijasema kitu. Nimempigia mara sita. Hapokei, anadhani ni posa. Nikimwambia mpwa wangu airudishe namba, lazima niseme nilichofanya, na kijiji hiki sitaishi tena. Kidole kiko juu ya jina la mpwa wangu, hakishuki.

Nyinyi mnaosoma, mngeanzia wapi?

Na wewe admin, mwaka jana gari lako lilikwama matopeni nikalisukuma mpaka nikapoteza kiatu, ukasema utanilipa wema. Namba ya Mama Mghoi nimekuwekea inboksi. Mpigie sasa hivi, kabla hujaposti hii. Mwambie tu atoke shambani. Usiseme nani amekutuma.