Kichwa cha Pili Kwenye Sarafu

Siku hiyo tulikuwa watatu huko mtaa wa Kimbo, na wote tuko hai, kwa hivyo asiniambie mtu niliota. Mimi, binti yangu Nyambura mwenye nyumba, na jirani yake Mama Akinyi, mtu wa Siaya, ambaye huimba kwaya na Nyambura. Wa nne alikuwa mgeni. Huyo ndiye sijui nimweke wapi.

Marehemu mzee wangu, Kamau, alifanya kazi ya bustani kwa tajiri mmoja wa Thika. Siku ya kuagwa kazini akapewa sarafu ya ukumbusho. Si ile ya kununua mkate. Hizi hutengenezwa polepole, moja moja, zinang'aa kama kioo, zinafungiwa kwa kijisanduku cha plastiki. Yetu ilikuwa na kosa. Mashine iliipiga mara mbili, na nyuma ya sikio la kichwa kikubwa kilichochorwa hapo kukatokea kichwa kingine, chembamba. Lakini hebu niambie, mashine ikirudia, si itarudia uso ule ule? Huyu wa pili alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kimani, anayenunua sarafu za zamani Thika, aliniambia kwa simu, akiniita nyanya kwa Kikuyu chetu, "Cucu, hilo kosa ndilo linauzwa. Nikiikuta vile umesema, utanunua tangi ya maji." Mimi naishi Gatuanyaga, na goti langu na mitungi ya maji havipatani. Hiyo tangi nilishaiona imesimama kando ya jikoni.

Saa nane mchana, tukimngoja Kimani hapo kwa Nyambura, Nyambura ameenda kununua maziwa, nikaona sarafu ina ukungu. Sasa mgeni utampa kitu kichafu? Nikaitoa kwa plastiki, nikachukua majivu ya jiko na waya ya kusugulia sufuria, nikasugua, mviringo, mviringo.

"Mama Nyambura, utaitoboa!" Mama Akinyi akacheka.

Hodi. Mwanamume mwembamba, suti nyeusi, kiganja shavuni. Nikajua ni Kimani. Nikamkalisha, Mama Akinyi akammiminia chai.

"Ni jino, baba?" nikamuuliza.

Akatoa mkono. Niamini: uso wote ulikuwa na mikwaruzo myembamba, mviringo, mviringo, bila tone la damu. Pua ilikuwa karibu kuisha. Akasema, bila hata hasira, "Cucu, sasa mimi nitakaa wapi?"

Mama Akinyi akapiga nduru, "Yesu!" Mimi nikafumba macho. Kuyafumbua, kiti ni kitupu. Nyambura alikuwa anafungua geti wakati huo huo, na hakupishana na mtu.

Kimani mwenyewe alifika saa tisa, mtu mnene wa kuchekacheka. Akaweka lenzi jichoni, kicheko kikaisha. "Aiya, Cucu! Nani amesugua hii? Kichwa ni kimoja tu." Akaenda zake bila kutaja bei.

Tangi sikupata. Bado nateka kwa mtungi, na shida iko hapo, kwa sababu maji yakitulia kwenye ndoo namwona, nyuma ya sikio langu. Sufuria zangu sizisugui tena, siku hizi ni nyeusi tititi. Wake za wanangu wananisema. Waseme.

Wewe uliye na kitu kama hicho sandukuni, kiache na ukungu wake. Hata kitambaa usikipitishie. Unajua ni nani amekaa hapo?

Na kama kuna mahali nimekosea, mnirekebishe, mimi sikusoma sana na miaka imeenda. Mama Akinyi ameshaanza kunipinga. Mimi nasema mgeni hakugusa ile chai. Yeye anasema ndiye alikiosha kikombe, na kilikuwa kitupu.